Baba Aliyeliliwa Mara Mbili

Mtaa wa Yoba,
Gitega, Burundi.
Tarehe 9 Juni, 2018.

Mpendwa Shangazi Adventina,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, Shangazi. Nakusalimu kutoka huku Gitega, ambako baridi ya Juni imeshaingia na asubuhi ukungu hauondoki mpaka jua likaze. Hujambo? Magoti yanaendeleaje? Nazario aliniambia kwamba alipofika kwako Mpanda alikukuta unatembelea fimbo, lakini bado unakwenda shambani kufukuza nyani na kuwatukana kwa Kirundi. Nilicheka, kisha nikamwonea wivu, kwa sababu yeye amekuona na mimi sijakutia machoni tangu tulipokuwa kambini.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Mume wangu Dominiko anakuamkia, na watoto pia. Mihogo ya kwetu Gishubi imeoza mwaka huu, lakini maharage yametoka vizuri na hatulali njaa.

Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu. Siku zile za msiba tulipoongea, simu ilikuwa inakatika, na hata ilipokuwa haikatiki wote wawili tulikuwa tunalia, hakuna aliyemsikia mwenzake. Nazario anarudi kwako wiki ijayo. Kwa kuwa yeye ni binamu yenu na hana haraka ya kufungua barua za watu, nimempa hii.

Ninaandika nikiwa chumbani kwa Baba. Nimekuja kukisafisha na kukirudisha kwa mwenyewe, Mzee Saidi, yule Mwislamu mwenye mashine za kusaga ambaye Baba alimfanyia kazi miaka yote hii. Nilipompa ufunguo hakuupokea. Alisema, "Jeska, we acha kwanza. Mi nikiona ile mlango iko imefungwa, naona kama Venansi anaenda ku soko, atarudia." Basi nikarudi ndani, nikakaa juu ya godoro lake, nikaanza kukuandikia.

Shangazi, mengine ya maisha ya Baba unayajua kuliko mimi, na mengine yalikufikia vipandevipande, kila kipande na aliyekibeba. Nataka mara moja uyasome yakiwa yamefuatana.

Wewe unamjua Venansi wa mgongoni kwako, uliyekuwa ukimbeba wakati Bibi ni mgonjwa. Mimi namjua yule wa likizo. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka kilima kizima cha kwetu Giteranyi kilivyokuwa kikicheka kwamba mtoto wa wakulima, aliyekuwa akivua viatu na kusali kabla ya kuvuka mto kwenye gogo, ameingia jeshini na kupelekwa kikosi cha majini, Bujumbura, kwenye boti za doria za Ziwa Tanganyika. Yeye alikuwa anacheka nao. Alisema kazi yake ni injini, na injini haijali iko juu ya maji au juu ya udongo. Akija likizo analeta ndagala waliokaushwa, gunia zima, na nyumba inanuka samaki mpaka majirani wanakuja bila kuitwa. Likizo ya mwisho mdogo wangu Moses alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Baba alimwambia, "Ngoja nirudi ndipo utembee."

Hakurudi. Vita vilianza mwezi wa kumi mwaka ule wa tisini na tatu, yeye akiwa ziwani na sisi tukiwa Giteranyi. Mama alituvusha kwenda Ngara kwa njia za miguu, Moses mgongoni, mimi nimeshika kitenge chake. Kambini hatukuthubutu kusema baba yetu ni nani. Mke wa askari wa serikali mle ndani alikuwa mtu wa kuchunga mdomo wake.

Miaka ikapita, akaja mtu aliyetokea Bujumbura, akasema boti ya akina Venansi ilipigwa ikiwa doria, ikawaka, ikazama, na hakuna aliyetoka. Wewe ulisafiri kutoka Mpanda. Ulikaa na Mama kwenye mkeka mmoja. Ulimnyoa nywele kwa mkono wako, na nakumbuka ulivyokuwa unapuliza shingo yake ili nywele zisimwashe. Sijasahau hilo, Shangazi, na Mama hajalisahau.

Mwaka uliofuata Moses akafa kwa homa, akiwa na miaka saba. Hukuweza kuja, ulikuwa umejifungua Jakilini. Mama hakuwa na ndugu wa kiume pale kambini. Aliyechimba kaburi ni Mzee Yakobo, mwanamume aliyefiwa na mke, wa hema la pili kutoka letu, mtu ambaye hatukuwa hata tunajua jina lake vizuri. Alichimba, akamshusha Moses kwa mikono yake, akaenda kunawa, akarudi hemani kwake. Ilipita zaidi ya miaka miwili kabla Mama hajakubali kuolewa naye. Walipata watoto wawili. Hili ndilo lililokuuma, na mimi sikulaumu kwa kuumwa. Nakuambia tu jinsi lilivyokuja.

Kumbe Baba alikuwa hai. Wavuvi wa upande wa Kongo walimwokota, mgongo umeungua, amekumbatia dumu tupu la mafuta. Kule nako vita vilikuwa vinawaka. Alikwama kwenye kijiji cha ufukweni, akitengeneza injini za mitumbwi ya watu ili apate chakula, na kila akitaka kuvuka ziwa njia zilikuwa zimefungwa. Aliporudi Bujumbura, jeshi lilikuwa limeshamwandika marehemu. Wakamrudisha uraiani pamoja na wenzake amani ilipokuja. Alikwenda Giteranyi akakuta msingi wa nyumba umeota majani, na watu wakamwambia mkewe Dorotea na watoto walikimbilia mbali, hakuna ajuaye wapi. Ndipo alipoteremka Gitega, akampata Saidi na mashine zake, akabaki hapa Yoba.

Sisi tulirudi nyumbani baadaye. Mzee Yakobo kwao hakuna tena pa kukanyaga, wengine walishagawana. Kwa hiyo tulirudi kwenye ardhi ya Baba, kwa jina langu mimi kama mtoto wake. Mzee Yakobo alifyatua matofali, akajenga juu ya msingi uleule. Habari kwamba tumerudi zilimfikia Baba huko Gitega.

Sasa naomba usome taratibu, Shangazi, maana ulisema Mama alimfukuza kaka yako kwenye shamba la baba yake. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa msichana mkubwa.

Tulikuwa tunapalilia maharage, mimi na Mama. Mtu akashuka kwenye baiskeli ya abiria kule barabarani, akaja akichechemea, akasimama mwisho wa tuta. Akasema, "Doro." Ni yeye peke yake aliyekuwa akimwita Mama hivyo. Mama hakupiga kelele. Aliweka jembe chini polepole kama kitu cha kuvunjika, akamwita mama yake kwa Kirundi, "Mawe we! Mawe we!" akakaa kwenye udongo.

Baba alinitazama, akanitambua. Akanishika kichwa. Kisha akaangalia nyuma yangu, akaangalia nyumbani, akauliza, "Na Moses? Yuko wapi, ameenda shule?"

Mama alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Baba akauliza tena, safari hii kwa sauti ndogo, kisha akakaa naye palepale tutani, na ndivyo alivyojua.

Mzee Yakobo alirudi jioni kutoka sokoni akakuta mgeni ndani. Nilidhani watapigana. Hakukaa hata chini. Alisema, "Venansi, nyumba iko juu ya msingi wako na mimi nimekaa humo nikijua umekufa. Nitaondoka na watoto wangu. Niachie mpaka tuvune tu."

Baba akamwuliza, "Utaenda wapi?"

Mzee Yakobo akawatazama watoto wake.

Baba akauliza, "Nani alimzika Moses?"

"Mimi."

"Ulimweka vizuri?"

"Nilimweka vizuri."

Baba akaugusa ukuta wa matofali kwa kiganja. Kisha akasema, "Basi kaa."

Hayo ndiyo maneno yote, Shangazi. Asubuhi aliita majirani na mkuu wa kilima, akasema mbele yao kwamba shamba ni la Jeska, na Yakobo alilime, na asije mtu akaleta fujo kwa jina lake. Mama alimfuata mpaka njiani. Nilikuwa nyuma yao, nilisikia. Mama alimwambia, "Venansi, umemwuliza kila mtu. Mimi hukuniuliza." Baba akasema, "Nikikuuliza utajibu, Doro. Na vyovyote utakavyojibu kuna watoto watakaolala nje." Akapanda baiskeli. Mama alirudi shambani akapalilia mpaka giza likaingia, na kwa siku nyingi hakuongea na Mzee Yakobo wala na mimi.

Nilipoolewa Gishubi nikawa karibu na Baba, naweza kufika Yoba na kurudi siku hiyohiyo. Nilimzoea upya. Aliishi peke yake. Mlango haufungi hata kuwe na baridi ya namna gani, na samaki hali, wala hataki kupita sokoni mahali wanapouzwa ndagala. Watoto wangu walimpenda kwa sababu aliwatengenezea vitu vinavyozunguka. Nilimwambia mara nyingi aje akae kwetu. Alisema mashine za Saidi zitamlilia. Kuhusu ziwa alinisimulia mara moja tu, kwamba kwenye lile dumu walikuwa wawili, yeye na kijana wa Muyinga, na walipokuwa wakielea yule kijana alimwomba radhi, akaachia. Baba alisema, "Alinipa dumu zima." Hakulirudia tena.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Mzee Saidi alinipigia simu. "Jeska, papa yako iko anagonjwa sana. Tumbo yake imevimba, anakataa chakula ya Hidaya mke yangu. We kuja, usingoje Jumapili." Nikaja. Hospitalini walituambia ni ini, na kwamba tumrudishe nyumbani tumpe anachotaka. Nilipomwuliza anataka nini, alisema hataki kitu. Baadaye, kama mtu anayeongea na ukuta, akasema, "Ningependa kumjua Moses."

Nilimpigia Mama nikamwambia. Kisha nikasikia sauti ya Mzee Yakobo nyuma yake: "Nenda, Dorotea. Watoto nitawapikia mimi." Kesho yake alimpakia kwenye baiskeli mpaka Muyinga, akamtafutia gari la Gitega, akamwekea na mkungu wa ndizi. Majirani wa Giteranyi walisema walivyotaka kusema.

Mama alikaa katika chumba hiki hadi mwisho. Alilala na mimi chini kwenye mkeka, Baba kwenye godoro. Watu wa Yoba walipouliza huyu mama ni nani, Baba alijibu, "Ni mama wa watoto wangu," wakaridhika. Na kila siku baada ya chakula cha mchana, jua likiingia mlangoni, Mama alimweleza habari za Moses. Alianza na siku aliyotembea. Alimwambia alitembea njiani, siku tunakimbia, kwa sababu mgongo wake ulikuwa umechoka akamshusha kidogo, na mtoto akaenda zake. Baba alicheka, machozi yakimtoka. "Hakuningoja," alisema.

Mama hakuwahi kumtaja Moses miaka yote ile, Shangazi. Hata mimi nilikuwa nimekatazwa. Sasa yalimtoka kama maji. Siku moja alimwambia jinsi Moses alivyotengeneza gari kwa bati la mafuta ya msaada, magurudumu akayakata kwenye kandambili. Baba akajaribu kukaa. "Magurudumu aliyafunga na nini?" "Na waya." "Waya gani?" "Waya, Venansi, mimi nitajuaje!" "Yalikuwa yanageuka au yanaburuza?" "Yalikuwa yanageuka." Baba alijilaza, akasema kwa furaha kabisa, "Basi alikuwa fundi."

Wiki zikaenda, na miaka saba ya mtoto si mingi. Nilianza kuogopa siku Mama atakapofika kwenye ile homa. Mchana mmoja nilikuwa nje nafua, nikamsikia anamweleza habari za Moses akiwa darasa la tano, jinsi mwalimu alivyomsifu kwa hesabu. Mkono wangu ulisimama kwenye beseni. Moses hakumaliza hata darasa la kwanza. Baba alilijua hilo, alishaambiwa siku ileile ya tutani. Nikangoja aseme kitu. Akauliza, "Alikuwa wa ngapi darasani?"

Mama akasema, "Wa tatu."

"Afadhali. Wa kwanza huwa wanapata kiburi."

Tangu siku hiyo Mama aliendelea hivyohivyo, na Baba akawa anauliza, na mimi niliyajua yote na sikuwazuia. Moses alifanya mtihani, akafaulu. Sauti yake ikawa nzito. Alianza kuficha kitana mfukoni. Alikataa kuwa askari. Baba alifariki tarehe kumi na moja mwezi wa nne, mchana, jua likiwa mlangoni, na Mama anamwambia jinsi Moses alivyoanza kufanya kazi kwa fundi wa magari. Alimshika mkono akaendelea kuongea kidogo baada ya mimi kuona kwamba amekwisha kwenda.

Kuhusu mazishi, ulisikia yalifanyika Giteranyi. Mzee Saidi na Hidaya walitaka tumzike hapa Gitega, karibu nao. Ni Mzee Yakobo aliyekataa. Alikuja mwenyewe na gari la mfanyabiashara wa mihogo, akasema mwenye shamba hawezi kulala ugenini. Akachimba kaburi na majirani, yeye akiwa mbele.

Hapo ndipo Nazario alipofikisha ujumbe wako. Aliusema uani, watu wote wakisikia: kwamba wewe kama dada mkubwa unakataza Dorotea kusimama kwenye kaburi la kaka yako. Nilitaka kujibu. Mama akanishika mkono akasema, "Ni dada yake. Ana haki." Akatoka nje ya ua wa miti ya miyenzi, akasimama upande wa barabarani, mahali ambapo haoni kaburi, anasikia tu. Mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki, ilinibidi nitangulie kutupa udongo. Nilipogeuka nikamwona Mzee Yakobo ameegemeza koleo lake kwenye mgomba, anatoka. Alikwenda akasimama na Mama huko nje. Kaburi la Baba lilifukiwa na watu wengine.

Sikuandikii haya ili nikushitaki, Shangazi. Ulikuwa mbali, na uliyoyasikia ndiyo yaliyokufanya useme uliyoyasema. Ulimlilia kaka yako ukiwa umekaa na Mama kwenye mkeka, kisha ukaona mwenzako ameinuka na wewe bado umekaa. Nalielewa hilo. Nakuomba tu uelewe kwamba yeye naye hakuinuka. Alilima, alizaa, alipika, lakini hakuinuka.

Mwezi wa nane, tarehe ishirini na tano, tunamaliza matanga. Bila wewe hatuwezi kuanza, wewe ndiye mkubwa uliyebaki katika nyumba ya Babu. Nakuomba uje. Nitakuja mpaka Ngara kukupokea, na Dominiko atatafuta gari ili magoti yako yasiteseke. Na ukifika, umwite Mama aingie ndani. Hatakuja asipoitwa na wewe. Nimeshamwuliza mara mbili, anasema dada wa marehemu amekwisha kusema. Hajui kwamba ninakuandikia.

Kama moyo wako bado ni mzito, njoo hivyohivyo, sitakukasirikia, nitakupikia na kukutandikia kitanda changu. Ila nakuambia mapema ili usije ukaona nimekuaibisha mbele ya watu: siku hiyo nami sitaingia. Nitakuwa nje ya ua, barabarani, pamoja na mama yangu na Mzee Yakobo.

Nisalimie watoto wako, Jakilini na Ignasi. Ignasi mwambie redio ya mjomba wake nimemtunzia. Mzee Saidi na Hidaya wanakupa pole, wanasema wanamkosa ndugu yao. Mungu akupe nguvu za safari, aitunze nyumba yako, na ayapumzishe macho yako baada ya kilio kirefu.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye leo kama nilivyokupenda kule kambini,

Jeska